Mistari miwili, na jina la nahodha limekosewa

Mwalimu, pole. Umesema wasichana wako wa voliboli wameshinda fainali hapa Malindi, gazeti likatoa mistari miwili tu, tena jina la nahodha likakosewa. Uchungu huo naujua. Mwaka mmoja timu yetu ya kandanda iliandikwa kuwa imefungwa ilhali ndiyo iliyoshinda. Vijana walikikata kile kipande wakakibandika darasani hivyo hivyo.

Lakini usimwendee mwandishi kwa hasira. Wengi huku Pwani si waajiriwa, hulipwa kwa habari iliyochapwa, na nauli hutoka mfukoni mwao. Mechi zinachezwa viwanja viwili vitatu kwa wakati mmoja, naye ni mtu mmoja. Humpigia mwalimu yeyote atakayeshika simu, akaandika alichosikia katikati ya vigelegele. Hapo ndipo Kadzo anapogeuka Kazo.

Basi mtumie wewe, jioni ile ile, kabla ukurasa haujafungwa. Pointi za kila seti, majina kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, na picha inayoonyesha nyuso (kombe peke yake halina habari). Ongeza jambo moja ambalo aliyekuwepo tu ndiye angelijua: kwa mfano, yule aliyemaliza seti ya mwisho pekupeku baada ya kiatu kuachia soli. Mhariri haachi kitu kama hicho.

Kuhusu jina, omba masahihisho kwa barua fupi, utaje tarehe na ukurasa. Maadili ya uandishi Kenya yanataka kosa lirekebishwe.

Na kabla hamjaondoka kwenda mashindano ya Pwani, mwachie mwandishi namba yako. Si ya mwalimu mkuu, yule hashiki simu.