Baiskeli mbali na malori

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi huendesha baiskeli hapa Nakuru, lakini malori ya barabara kuu yamenichosha. Je, kuna njia ya changarawe isiyo na magari?

JIBU: Isiyo na gari hata moja ni adimu. Inayokaribia ni ile ya Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, ambako wageni huruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia, twiga na nyati, na magari mengi utakayokutana nayo ni ya watalii. Udongo wake una majivu ya volkano, hivyo wakati wa kiangazi tairi nyembamba huzama. Tumia pana, na upunguze upepo kidogo. Nyati akisimama njiani, mngoje ukiwa mbali, maana yeye hana haraka. Baiskeli za kukodi hupatikana karibu na Lango la Elsa, ila kagua breki kabla ya kulipa.