Fani za biashara zisizo na foleni: kwa mnaojaza maombi ya chuo

Kila dirisha la udahili likifunguliwa, wadogo zangu waliomaliza kidato cha sita huniuliza swali lilelile: kaka, niombe uhasibu au usimamizi wa biashara? Nikiwauliza kama wameusoma mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, mpaka mwisho, naona wengi wameishia kwenye vyuo wanavyovijua na fani mbili tatu zinazotajwa mtaani. Mimi nipo kitengo cha madai katika kampuni ya bima. Nilichokisoma kimo kwenye mwongozo huohuo, mistari michache tu chini ya uhasibu.

Kabla hujachagua fani ya biashara, uliza kwanza: ni sheria gani inamlazimisha mwajiri awe na mtu mwenye taaluma hii? Halafu uliza huyo mtu akifika ofisini asubuhi anashika nini. Fani yenye majibu mazuri kwa maswali hayo mawili itakutunza hata kama shangazi yako hajawahi kuisikia.

Angalia ununuzi na ugavi. Zamani watu waliiona kama kazi ya kukaa stoo na kuandika leja. Mwaka 2007 ikatungwa sheria iliyounda Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB, na kazi hiyo ikawa ya waliosajiliwa. Taasisi ya umma inayonunua inatakiwa iwe na kitengo cha usimamizi wa ununuzi, na humo wanahitajika wataalamu. Tangu mwaka 2023 zabuni za Serikali zinapitia mfumo wa mtandaoni wa NeST, kwa hiyo hata kampuni binafsi inayotaka kuiuzia halmashauri madawati inamtafuta kijana anayejua kusoma masharti ya zabuni na kuambatisha nyaraka zinazotakiwa bila kuruka hata moja. Ila fani hii siyo siri tena, madarasa yamejaa. Ukiiendea, panga tangu mwaka wa kwanza kwamba utafanya mitihani ya bodi hadi CPSP, yaani cheti cha mtaalamu kamili, maana shahada peke yake mnayo wengi.

Bima nitaisemea zaidi kwa sababu ndiyo ninayoiishi. Watu wengi wanadhani aliyesoma bima ni yule anayezunguka kuuza stika za magari. Kuuza ni sehemu yake, na ni sehemu ya heshima, lakini nyuma yake kuna anayepima hatari na kupanga ada, kuna mkadiria hasara, kuna wa madai kama mimi, kuna wa bima mtawanyo, yaani kampuni za bima zinapojikatia bima zenyewe ili janga moja kubwa lisizimalize. Wapo pia madalali wa bima, na siku hizi benki zinazouza bima kama wakala. Wote hawa wanasimamiwa na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na sheria hiyo ndiyo inayowafanya wenye kampuni watafute watu waliosomea.

Nikuonyeshe jambo moja tunalolifanya mezani. Chukua mfanyabiashara mwenye duka la vitambaa lenye mali ya shilingi milioni 200. Ili apunguze ada, anakata bima ya moto ya milioni 100. Moto unatokea, mali ya milioni 80 inateketea. Yeye anakuja akijua atalipwa 80, kwa sababu 80 ni ndogo kuliko 100. Mkataba unasema vingine: alikatia bima nusu ya mali, basi analipwa nusu ya hasara, milioni 40. Hesabu hii utaisoma darasani kwa dakika kumi. Kumweleza mtu ambaye moshi bado unanuka kwenye nguo zake ni kazi nyingine kabisa, na ndiyo inayomtofautisha ofisa mzuri wa madai na mbaya. Aliyesoma vizuri angemweleza siku anakata bima, mkataba ukiwa haujasainiwa. Ukiwa unapenda kusoma mikataba neno kwa neno na pia una uvumilivu na watu wenye majonzi, njoo huku. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, wana shahada ya bima na usimamizi wa vihatarishi, na baadaye unaweza kufanya mitihani ya Chartered Insurance Institute ya London ukiwa hapahapa nyumbani.

Jirani na bima kuna takwimu bima, yaani actuarial science. Hii ina mlango mwembamba: bila hesabu za juu huingii, kwa hiyo wa PCM na EGM ndio walengwa, wa ECA aliyeishia BAM atapata shida. Mnakumbuka mjadala wa kikokotoo cha mafao ya wastaafu, ule uliolipuka mwaka 2018, kisha mwaka 2022 malipo ya mkupuo yakawekwa asilimia 33? Nyuma ya namba kama ile kuna watu wanaokadiria wastaafu wataishi miaka mingapi, wachangiaji watakuwa wangapi, na mfuko utahimili mpaka lini. Hiyo ndiyo kazi yao. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo inahitaji vichwa vya namna hiyo. IFM wanafundisha, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pia. Jua tu kwamba mitihani ya kimataifa ya taaluma hii ni mingi, ni ghali, na inachukua miaka baada ya shahada. Asiyependa kujifungia na vitabu baada ya kazi asiiguse.

Sasa ile ninayotamani wengi zaidi waijue: mizani na vipimo, pale Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE. Wanafunzi wanaipita kwa sababu jina halinukii ofisi. Lakini hakuna biashara bila kipimo. Wakala wa Vipimo wanakagua mizani ya madukani kila mwaka na kuibandika stika. Wanaenda kituo cha mafuta na chombo cha lita 20, wanajaza kutoka kwenye pampu, wanasoma mstari wa shingoni kuona kama lita ulizolipia ndizo ulizopewa. Wanapima matangi ya malori ya mafuta kule Misugusugu mkoani Pwani. Wanapambana na lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba ili mkulima wa viazi auze mzigo mkubwa kwa bei ya gunia moja. Mimi ni mtoto wa mkulima, na lumbesa inaniuma. Kijana anayesomea kumlinda mkulima dhidi ya wizi wa namna hiyo anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa.

Nje ya Wakala kuna Shirika la Viwango, TBS, na maabara yake ya ugezi, yaani ya kuhakiki usahihi wa vipimo, kuna viwanda vya saruji, mafuta ya kula na unga, ambavyo vinalazimika kuhakikisha kilichoandikwa kwenye mfuko ndicho kilichomo. Hatari yake niiseme wazi: mwajiri mkubwa ni Serikali, na Serikali isipotangaza nafasi mwaka huo, utasubiri. Kwa hiyo mafunzo kwa vitendo yafanyie kiwandani walau mara moja, hata kama wenzako wote wanakimbilia ofisi za umma.

Ushirika nitaugusa tu. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi wana shahada inayounganisha usimamizi wa ushirika na uhasibu. Kwa anayetoka kwenye korosho, kahawa, pamba au ufuta, ambako mazao yanapita kwenye AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, na stakabadhi ghalani, ni fani ya nyumbani. Anayetaka maisha ya Posta na Masaki atachoka mapema.

Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, TCU watakutaka uthibitishe kimoja kwa namba ya siri. Usithibitishe kwa sababu rafiki zako wameshathibitisha. Tafuta mtaala wa fani yenyewe, kwenye tovuti ya chuo au kwa mwanafunzi anayesoma pale, uruke mwaka wa kwanza, kwa sababu huko fani zote za biashara zinafanana: kanuni za uhasibu, uchumi, hesabu za biashara, stadi za mawasiliano. Soma majina ya masomo ya mwaka wa pili na wa tatu, kisha mtafute mtu mmoja anayefanya kazi hiyo, umwombe akueleze jana alifanya nini tangu asubuhi hadi jioni. Baada ya hapo ndipo uweke namba.