Mkataba Unasema Saa 2:00, Bosi Anataka Saa 1:30: Siku ya Kazi Inaanza Lini?

Wiki iliyopita nimepokea ujumbe wa kijana mmoja wa hapa hapa Dar es Salaam. "Shikamoo dada. Nimepewa barua ya kujieleza kwa kuwa nilipiga kidole kwenye mashine ya mahudhurio saa 1:43, na bosi anataka tufike saa 1:30. Mkataba wangu unasema kazi inaanza saa 2:00. Nijibu nini? Naogopa, nyumbani wananitegemea."

Marahaba mdogo wangu. Nimekujibu kwa kifupi kule kwenye simu, lakini jambo lako si la mtu mmoja. Najua wasomaji wangu wengi mmeajiriwa maofisini, mnataka kupanda vyeo, na hamtaki kuonekana wakorofi. Ndiyo maana nusu saa hii ya asubuhi inawamaliza kimya kimya. Mimi ilinimaliza pia, hadi siku nilipokataa.

Msimamo wangu nautoa mapema. Siku ya kazi inaanza saa ile mwajiri anapotaka uwe mbele yake, chini ya amri yake. Haisubiri kompyuta iwake wala mteja wa kwanza aingie. Akikuita saa 1:30, kazi imeanza saa 1:30, na nusu saa hiyo lazima ihesabiwe mahali fulani.

Nilikuwa karani wa hesabu katika kampuni moja ya usambazaji wa bidhaa, ofisi ziko Mikocheni. Sitaitaja. Mkataba wangu ulikuwa wazi: Jumatatu hadi Ijumaa saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni, saa moja ya chakula katikati, Jumamosi saa 2:00 hadi saa 7:00 mchana. Nilikuwa nimepanga chumba Gongo la Mboto. Anayeijua Barabara ya Nyerere asubuhi anajua ninachosema: unaamka saa 10 alfajiri, unapigania daladala gizani, unashuka Tazara kuunga gari jingine, na bado hujui utafika saa ngapi. Lakini nilikuwa nafika. Saa 1:45 nimekaa kwenye kiti changu, nimefuta meza, nimefungua madaftari ya hesabu.

Kisha akaja meneja mpya. Akaanzisha kikao cha asubuhi, kila siku saa 1:30. Mwanzoni kilikuwa cha kusalimiana na kuombeana siku njema, tukakipenda. Haukupita muda kikawa kikao cha madeni: nani hajakusanya, ankara ipi haijatoka, gari lipi linakwenda Mbagala na lipi Tegeta, nani ametoa stakabadhi yenye makosa. Mashine ya kidole ikawekwa upya ili anayepiga baada ya saa 1:30 jina lake litoke jekundu kwenye orodha. Mwisho wa mwezi, kila jina jekundu likawa na shilingi 5,000 za kukatwa. Saa ya kutoka haikuguswa. Saa 11:00 ilibaki saa 11:00, na mara nyingi ilikuwa saa 12.

Nilipouliza kwa upole, nikajibiwa mbele ya wenzangu: "Kikao si kazi. Ni maandalizi ya kazi."

Maneno hayo bado yananiuma. Mtu anakuamsha alfajiri, anakuuliza madeni ya wateja wake, anakupangia safari za magari yake, anakukata mshahara usipokuwepo, halafu anakwambia hukuwa kazini. Kama ulikuwa si wakati wa kazi, kwa nini nikatwe kwa kuukosa? Na kama nakatwa kwa kuukosa, kwa nini nisilipwe kwa kuwepo? Swali hilo nililala nalo na kuamka nalo.

Nikaanza kusoma. Nawaombeni sana, someni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Ipo kwa Kiswahili, na si ndefu kama watu wanavyotishwa. Sheria hiyo haisemi kwamba ofisi zote Tanzania zifunguliwe saa fulani. Saa ya kuanza mnakubaliana ninyi na mwajiri, na ndiyo sababu inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya ajira yako, saa za kazi zikiwemo. Inachofanya sheria ni kuweka ukomo: saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, zinazotakiwa kuwa za makubaliano, zisizozidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na zinazolipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida.

Sasa twende kwenye mkataba wangu, kwa sababu wengi mna mkataba kama huo. Toa saa ya chakula, ambayo mwajiri halazimiki kuilipia kama hakutaki ufanye kazi au ukae tayari muda huo. Jumatatu hadi Ijumaa ni saa 8 mara siku 5, yaani 40. Ongeza saa 5 za Jumamosi, unapata 45 kamili. Hakuna hata dakika iliyobaki. Kwa hiyo nusu saa ya kila asubuhi, siku 6, ilikuwa saa 3 za ziada kila wiki. Hii ndiyo hesabu iliyonifungua macho, nami ni mtu wa hesabu.

Tuseme mtu anapata shilingi 780,000 kwa mwezi. Sheria inageuza mwezi kuwa wiki kwa kugawanya kwa 4.333, kisha unagawanya kwa saa 45 za wiki. Inakuja karibu shilingi 4,000 kwa saa. Zidisha mara moja na nusu, unapata 6,000. Saa 3 kwa wiki ni 18,000. Kwa mwezi ni karibu 78,000. Hiyo ni kodi ya chumba huko uswahilini, inaondoka kila mwezi kwa jina la maandalizi.

Niwe mkweli kwa wale wenye mikataba tofauti. Kama wewe unafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa tu, saa 40, nusu saa hiyo haikuvushi saa 45 za sheria. Hapo hoja yako inasimama kwenye mkataba: mlikubaliana saa 2:00, na mwajiri hawezi kubadilisha saa hiyo peke yake bila kukushirikisha. Na kama wewe ni meneja unayesimamia wafanyakazi na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, sehemu kubwa ya masharti haya ya saa haikuhusu. Jitambue uko wapi kabla hujafungua mdomo.

Kifungu cha makato ndicho kilichonitia moyo zaidi. Mwajiri hana ruhusa ya kukata mshahara kwa kujisikia. Makato yawe yameruhusiwa na sheria, au mkataba wa hali bora (makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri), au amri ya mahakama, au tuzo, yaani hukumu, ya mwamuzi wa migogoro, au wewe mwenyewe uwe umekubali kwa maandishi kukatwa kwa ajili ya deni. Tangazo lililobandikwa ukutani na meneja halimo kwenye orodha hiyo.

Basi nikanunua daftari. Kila siku nikaandika saa niliyofika, saa kikao kilipoanza, kilichojadiliwa, saa niliyotoka. Nikahifadhi meseji za kundi la WhatsApp zinazosema "saa 1:30 bila kukosa". Nikatunza slipu za mshahara zenye makato. Chakula cha mchana wenzangu walikuwa wanakuja mezani kwangu: "Dada, tusemee, tuko nyuma yako." Wengine walinipa na slipu zao.

Nikaandika barua kwa ofisi ya utumishi. Fupi, ya heshima, bila neno la matusi. Nikaambatanisha nakala ya mkataba na hesabu. Tukaitwa kwenye kikao, na meneja akauliza nani mwingine ana malalamiko kuhusu muda. Chumba kizima kikainama. Yule aliyenipa slipu yake akaangalia simu. Mwingine akasema, "Mimi sina tatizo, kikao kinatusaidia." Nimewasamehe, kila mtu ana watoto wa kulisha, lakini sijasahau, na sitadanganya kwamba nimesahau.

Nikasimama peke yangu na nikashinda. Kikao kikahamishwa saa 2:00. Makato yakarudishwa, ya wote, hata ya yule aliyesema hana tatizo. Saa za ziada za nyuma wakalipa sehemu, nikakubali kwa maandishi. Cheo cha msaidizi wa mhasibu kilipotangazwa, kikaenda kwa mwingine niliyemfundisha mimi kazi. Nikajua ujumbe wangu ni upi. Nikatafuta pengine, nikapata, na leo nasimamia watu. Kikao chetu cha asubuhi ni saa 2:15, kila mtu akiwa ameshaingia, ameshakunywa chai, na hakuna anayekatwa senti. Kazi zinakwenda.

Watu husema saa 1:30 ni ya nidhamu. Serikalini ni kweli, saa rasmi ni 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri. Wazee wetu walikuwa wanawahi kusaini daftari la mahudhurio kabla mkuu hajapiga mstari mwekundu. Lakini angalia upande wa pili wa saa hizo: mtumishi anaanza mapema na anatoka mapema, saa 8 zake zimetimia. Waajiri wengi binafsi wanachukua asubuhi ya serikali na jioni ya kampuni, wanaziunganisha, wanaita utamaduni wa kazi.

Na kuanza mapema peke yake hakujawahi kuwa kazi. Tarehe 6 Novemba 2015, siku moja baada ya kuapishwa, Rais Magufuli alikwenda kwa miguu Wizara ya Fedha bila taarifa na kukuta viti vitupu. Nchi nzima ilizungumza. Saa rasmi zilikuwepo kwenye karatasi, watu hawakuwepo mezani. Rwanda nao, kuanzia Januari 2023, walisogeza mwanzo wa siku ya kazi hadi saa 3:00 asubuhi na mwisho saa 11:00 jioni, pamoja na kusogeza saa za shule, ili wazazi wapate muda na watoto wapate usingizi. Saa ya kuanza ni uamuzi wa watu. Inaweza kujadiliwa.

Hapa niwageukie ninyi vijana, maana najua baadhi yenu mnasoma mkitafuta ruhusa ya kuchelewa. Sina ruhusa hiyo. Foleni ya Mandela si ya mwajiri wako. Safari ya kutoka kwako hadi ofisini ni muda wako, na kama mkataba unasema saa 2:00, basi saa 2:00 uwe umekaa, siyo uko getini unasalimiana na mlinzi. Huwezi kudai nusu saa yako huku unaiba dakika ishirini za mwajiri kila asubuhi kwa chapati na chai. Mimi nilisikilizwa kwa sababu daftari langu halikuwa na doa. Fika kwa wakati. Andika. Fika tena kwa wakati, na andika tena. Na usiku bosi anapokutumia kazi saa 5, kumbuka sheria inakupa mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Jibu asubuhi.

Sasa mdogo wangu, barua yako. Ijibu ndani ya muda uliopewa, usikae kimya, kwa sababu ukimya utasomwa kama kukiri. Anza kwa kushukuru na kuthibitisha kwamba umeipokea. Taja tarehe na saa uliyofika, 1:43, usiifiche. Kisha andika kwamba kwa mujibu wa mkataba wako kazi inaanza saa 2:00, taja ukurasa wenyewe, na ambatanisha nakala. Omba kwa heshima uoneshwe waraka uliobadilisha saa hiyo na makubaliano yaliyosainiwa. Omba pia ufafanuzi wa jinsi muda wa kabla ya saa 2:00 unavyolipwa. Usimtaje meneja kwa ubaya. Baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa au saini na tarehe.

Kama hujatimiza miezi 6 kazini, nenda taratibu zaidi, kwa kuwa kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haijakufikia. Andika barua hiyo hiyo, lakini iwe ya kuomba ufafanuzi tu. Kama umeshatimiza, na kama kuna chama cha wafanyakazi hapo, mwone mwakilishi wa tawi kabla ya kuikabidhi.

Wakikukata mshahara na wakakataa kuurudisha, mlango uliobaki ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Unajaza fomu CMA F.1, unampa mwajiri nakala, unaiwasilisha kwenye ofisi ya Tume ya eneo unalofanyia kazi. Mgogoro wa kuachishwa kazi una siku 30 za kuufikisha kwenye Tume. Migogoro mingine, kama huu wako wa makato, ina siku 60 tangu ulipotokea, kwa hiyo andika leo kwenye daftari tarehe ya slipu ya kwanza yenye makato na uhesabu kuanzia hapo.