Ukifungua kliniki ya meno, anza na madirisha

Nafanya kazi ya meno hapa Arua, Uganda, na wenzangu wanaotaka kufungua kliniki huwa nawaambia hivi: kabla hujanunua kiti cha bei mbaya, angalia madirisha.

Kufuta meza kwa klorini tunakujua. Vyombo vikitoka kwenye otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, ya nyuzi 121 tunaridhika, na ni haki. Lakini Uviko na kifua kikuu hupita hewani. Mashine ya kuchongea jino huzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika huku ikirusha maji, na ile ya kutolea ugaga kwa mtetemo hutoa ukungu mwingi kupita kiasi. Matone makubwa huanguka karibu. Madogo hubaki yakielea hata mgonjwa akishaondoka.

Fanya jaribio hili. Washa kijiti cha udi pale kwenye kichwa cha kiti, utazame moshi. Ukielekea dirishani, vizuri. Ukikujia usoni, au ukitoka mlangoni kwenda kwa wanaosubiri, geuza kiti au hamisha feni mpaka moshi uende nje. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani kisikudanganye, kinapoza hewa ile ile.

Pili, mlangoni pawe na mtu wa kuuliza: "Mama, unakohoa tangu lini?" Uganda ina mzigo mkubwa wa kifua kikuu pamoja na VVU, kwa hiyo swali hilo si la kupitisha wakati. Akisema wiki mbili au zaidi, au ana jasho la usiku na anakonda, mpe barakoa, akae nje kwenye hewa, kisha aelekezwe kupima makohozi. Kazi inayoweza kusubiri isubiri. Jino lililotunga usaha halisubiri. Mweke wa mwisho kwa siku hiyo, na kama linang'oleka kwa koleo bila kuchonga, ling'oe hivyo. Wewe vaa N95, ile barakoa inayochuja hewa, iliyokubana sawasawa. Ndevu huifanya ivujishe.

Kwa wagonjwa wote, msaidizi ashike bomba nene la kunyonya karibu kabisa na jino. Kile kijibomba cha mate peke yake hakitoshi.

Na yule dada anayeingia kupiga deki mara tu mgonjwa anapotoka? Hewa ile ile ndiyo anayoivuta. Naye mpe N95 yake, na asiingie mpaka chumba kipigwe upepo.