Kusoma umri wa mashapo ya bahari kwa mizunguko ya Dunia

Mashapo yangu hutuama kwa kasi ya sm 2 kila miaka 1,000. Nipime kila baada ya sentimita ngapi?

Kila sm 5, na usizidishe. Mizunguko ya Dunia hubadilisha hali ya hewa, na mabadiliko hayo huacha alama zinazojirudia kwenye mashapo. Kwa kasi hiyo, mzunguko wa kuyumba kwa mhimili wa Dunia (kama miaka 20,000) una unene wa sm 40. Ule wa mwinamo wa mhimili (miaka 41,000) una sm 82. Na ule mrefu wa umbo la njia ya Dunia kulizunguka Jua (miaka 405,000) una mita 8.1. Kinadharia vipimo viwili na ushei kwa kila mzunguko vinatosha. Kwenye tope halisi, lililofukuliwa na minyoo, havitoshi. Ukipima kila sm 30, ule wa sm 40 haupotei tu: hujitokeza kama mzunguko wa sm 120, na utajikuta ukieleza badiliko la hali ya hewa la kila miaka 60,000 ambalo halikuwahi kutokea.

Bomba la kuchimbia hutoa takriban mita 9.5 kwa mara moja. Je, nikiunganisha vipande nitapata rekodi kamili?

Hapana. Kila kipande kinapokutana na kinachofuata, mashapo kadhaa hupotea. Chimba mashimo mawili au matatu jirani, vina vikipishana kwa mita chache, kisha uoanishe rangi na usumaku ili shimo moja lizibe pengo la jingine. Tabaka la maporomoko ya chini ya bahari liondoe kwenye hesabu: limetua kwa muda mfupi mno, si kwa maelfu ya miaka.

Nimelinganisha data na hesabu za mzunguko wa Dunia, na mizunguko yote imeonekana. Umri ni sahihi?

Bado. Hapa ndipo wengi hujidanganya, kwani ukivuta na kubana data ifuate mzunguko fulani, lazima mzunguko huo uonekane. Rudi kwenye data iliyopangwa kwa kina, kabla hujarekebisha chochote, utafute uwiano wa unene unaokaribia 20:5:2:1 (umbo la njia, mzunguko mrefu kisha mfupi wa kama miaka 100,000; mwinamo; kuyumba). Kisha linganisha kwa mwinamo peke yake, uone kama mawimbi ya kuyumba yanakua na kufifia kufuatana na umbo la njia ya Dunia.

Hatimaye tafuta ushahidi wa nje. Njia hii ina nguvu kweli ikitumiwa kwa uangalifu: mwaka 1990 mtafiti wa mashapo ya bahari Nicholas Shackleton na wenzake waliuweka mgeuko wa mwisho wa usumaku wa Dunia kwenye miaka 780,000, ilhali vipimo vya umri wa miamba kwa potasiamu na agoni vilivyokubalika vilisema 730,000. Vipimo bora vya agoni vilivyofuata viliwaunga mkono.

Naweza kurudi nyuma hadi wapi?

Kwa mizunguko yote, takriban miaka milioni 50. Zaidi ya hapo mwendo wa sayari haukokotoleki kwa uhakika. Tegemea ule wa miaka 405,000, unaotokana na Zuhura na Mshtarii. Huo umebaki thabiti.