Kuku wa miezi minne aliyepooza mguu

Dada uliyeuliza kuhusu mtetea wako wa miezi minne anayelala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, huku bado anatafuta chakula, mimi ningeshuku mareksi (ugonjwa wa kirusi unaopoozesha kuku) kabla ya kideri (Newcastle). Kideri kingekuwa kimeshafagia nusu ya banda. Hiyo antibayotiki unayompa acha, ni pesa inapotea. Mareksi inaletwa na kirusi, nacho hakina dawa. Mtenge, akishindwa kufikia maji mchinje umfukie. Au mpelekee afisa mifugo wa kata ampasue aone kama neva (mishipa ya fahamu) za mapajani zimevimba, ndiyo utajua kwa uhakika zaidi.

Waliobaki wahesabu wote wameshakipata, maana kinasafiri na vumbi la manyoya na kinadumu bandani miezi mingi. (Na upepo huu wetu wa Dodoma!) Si wote watakaougua. Mayai kuleni tu, hakiambukizi watu.

Vifaranga wapya walelee mbali na wakubwa, na ununue waliochanjwa siku ya kwanza kule kule kwenye kituo cha kutotolesha. Wanaoanguliwa na kuku wako mwenyewe huwa hawana hiyo chanjo, na chanjo ya kideri ya matone haiwakingi na mareksi.