Karao wa Nairobi, njagu wa Dar

Ndugu, umeuliza kama makanga (kondakta wa matatu) wa Nairobi na bodaboda wa Dar es Salaam, wahusika wa mchezo wako wa redio, wanaweza wote kumwita polisi "karao". Hapana. Makanga mwachie "karao", wingi "makarao". Akiwa kijana wa Sheng hasa, lugha ya mtaani ya Nairobi, hata "sanse" inamfaa. Wa Dar mpe "njagu", wingi "manjagu". Mbongo akitamka karao, wasikilizaji watamshuku papo hapo.

Panapoharibika zaidi ni kwenye neno la kawaida kabisa: askari. "Askari kaniomba leseni" Dar ni polisi bila shaka, maana wa getini huitwa mlinzi. Nairobi, askari mara nyingi ndiye huyo wa getini, anayeitwa pia soja. Kwa hiyo makanga aseme polisi, trafiki au karao.

Usichanganye pia kanjo na karao. Kanjo ni askari wa kaunti, yule anayekimbizana na wachuuzi na kukamata matatu zinazopakia abiria pasipo stendi. Anayemkaribia Dar ni mgambo, na machinga wanamjua vizuri. Gari la kubebea waliokamatwa Dar ni karandinga, Nairobi ni mariamu.

Haya yote husemwa polisi akiwa mbali. Akishasimama dirishani, Nairobi na Dar kote huitwa "afande": "Afande, naomba unisamehe, taa naenda kuitengeneza sasa hivi." Ukimwandikia mhusika "njagu" hapo, umeandika ugomvi, kwa hiyo fanya hivyo pale tu unapoutaka.